Pongezi kwa BAKITA, na kwa makonda wa daladala

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi isiyo na shukrani: likisanifisha istilahi, watu hucheka kwanza, kisha huitumia. Kishikwambi, yaani tableti, kilichekwa sana. Ilipofika sensa ya 2022, karani alibisha hodi nacho mkononi, na hakuna aliyeuliza ni kitu gani.

Ninachokipenda zaidi ni neno la zamani linapopewa kazi mpya. Barakoa ilikuwa kifuniko cha uso cha akina mama wa Unguja na Oman. Korona ilipoingia, ikahamia kwenye nyuso za madereva, wauguzi na wauza samaki. Hakuna aliyehitaji kufundishwa kuitamka.

Lakini pongezi zisiishie ofisini. Neno daladala halikutoka kwenye kikao chochote. Inasimuliwa kwamba nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, na makonda wa Dar es Salaam wakawa wakiinadi mlangoni: dala! dala! Wasomi walilikuta neno limeshaenea mjini, wakaliingiza kwenye kamusi. Walifanya vyema kutobishana na konda.