Logi ya Miamala: Jinsi ya Kuitambua Iliyopimwa Vizuri

Ukitaka kujua kama kanzidata imeshikwa na fundi, anza na logi yake ya miamala. Kila malipo ya hospitali na kila ushuru wa mazao huandikwa humo kwanza, ndipo hupelekwa kwenye majedwali. Umeme ukikatika, kanzidata husoma humo kurejesha kilichokwishathibitishwa. Wilaya za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, zilizotegemea majenereta ya dizeli miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kufika kupitia Nyakanazi, hazihitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo.

Logi ibebe saa ya msongamano. Wastani wa siku hudanganya, na asilimia ya ukubwa wa data haikuambii kitu. Pima Jumatatu asubuhi dirisha la malipo likiwa limejaa, au msimu wa maharage mizani isipopumzika. Kwenye MySQL soma namba ya mfuatano wa logi, rudia baada ya saa moja, kisha toa. Tuseme umepata MB 600: MB 100 inazokuja nazo MySQL tangu toleo la 8.0.30 hazitoshi, ipe GB 1. PostgreSQL hupimwa kwa kinachoandikwa kati ya chekipointi mbili, yaani nyakati za kumwaga mabadiliko kwenye faili za data, ambazo kwa kawaida hupishana dakika 5. Kwa mzigo huohuo ulio sawia, GB 1 yake ya kuanzia inatosha.

Isiisukume diski. Logi ndogo hulazimisha chekipointi kabla ya wakati wake. Diski huandika mfululizo, karani husubiri, foleni hurefuka. PostgreSQL yenyewe hutoa onyo chekipointi zinapofuatana mno. Fundi makini halipuuzi.

Kanzidata iamke upesi. Logi kubwa kupita kiasi inaweza kurefusha urejeshaji. Chukua mashine ya majaribio yenye diski ya aina ileile, ipe mzigo, izime ghafla, hesabu dakika hadi ipokee mgonjwa wa kwanza. Ikizidi muda ambao mapokezi yanaweza kuhimili kwa karatasi, punguza logi.

Isivimbe bila sababu. Logi isiyokoma kukua usikimbilie kuinunulia diski. Kwenye SQL Server yenye urejeshaji kamili, panga kwanza nakala za logi, maana bila hizo nafasi haiachiliwi. Kwenye PostgreSQL, mtandao wa kwenda kwenye seva pacha ukikatika, sloti ya urudufishaji hushikilia faili hadi diski ijae na huduma isimame. Tangu toleo la 13, max_slot_wal_keep_size huweka kikomo. Kikipitwa, pacha huenda akajengwa upya, lakini wagonjwa wa Kasulu wanaendelea kuhudumiwa. Hilo ndilo chaguo sahihi.

Ukikabidhiwa mfumo, dai namba mbili kwa maandishi: logi inabeba saa ngapi za msongamano, na kanzidata inaamka baada ya dakika ngapi. Zisipokuwapo, usitie saini.