Springi Inayojua Kurudi

Wengi huisifu springi ya pikapu kwa ugumu wake, na hapo ndipo wanapoikosea. Chuma kisichoinama kipo tele. Kinachotakiwa chini ya bodi ya gari ni chuma kinachokubali kushuka kwa kipimo, kiubebe mzigo kikiwa kimeshuka, kisha kirudi palepale kilipokuwa, mara maelfu katika safari moja, na mwaka ujao kiendelee kurudi. Fundi anayeweza kukifikisha chuma hapo kwa nyundo, chaki na jicho lake, mimi nampa heshima ileile ninayompa fundi wa jahazi.

Mafundi hao wapo Gerezani, Dar es Salaam, na wapo katika kila mji wenye stendi na soko la mazao. Mteja huja na Hilux ambayo springi zake zimelala, nyuma imekalia ekseli, pua iko juu. Husema, "Fundi, niongezee pleti mbili." Fundi wa haraka huongeza pleti mbili, akachukua hela yake. Fundi ninayemsifu hapa hujibu kwa swali: "Bosi, unabeba nini?"

Swali hilo lina uzito kuliko kazi yote inayofuata. Mteja atasema anabeba magunia kumi ya viazi, tani moja tu. Lakini viazi vya Njombe havipakiwi kwa hesabu ya karatasini. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na lumbesa, lile gunia lenye kilemba cha kamba mdomoni, huweza kupita kilo 120. Kumi za namna hiyo ni kilo 1,200, na bado hujamhesabu utingo aliyekaa juu yake. Kwa hiyo fundi huuliza tena: je, lumbesa? Unarudi na mzigo au unarudi mtupu? Barabara ni lami au vumbi? Unavuta trela? Kila jibu linabadilisha pleti atakayoichagua.

Tazama seti ya springi kwa upande. Pleti ndefu iko juu, chini yake fupi kidogo, kisha fupi zaidi. Urefu huo haukupunguzwa ili kuokoa chuma tu. Nguvu ya kupinda huwa kubwa katikati, pale ekseli inapofungwa kwa yubolti, na hupungua kuelekea kwenye ncha. Springi iliyo kamili ingekuwa bamba moja la umbo la almasi, pana sana katikati na lililochongoka pande mbili, ila bamba hilo lisingeenea kati ya tairi na chesisi. Basi almasi ikakatwa vipande virefu, vipande vikapangwa kimoja chini ya kingine, vikafungwa kwa senta bolti. Kila nikiiona seti iliyopangwa vizuri hustaajabia akili iliyofichwa mahali penye tope na grisi.

Kuna jambo la pili, nalo halionekani mpaka seti ifunguliwe. Pleti fupi zimepindwa zaidi kuliko ndefu. Ukizilaza moja juu ya nyingine bila kuzibana, unaona uwazi mwembamba katikati. Senta bolti inapokazwa, uwazi huo hufa, na pleti ya juu, ile yenye macho mawili ya bushi, inaanza kazi ikiwa tayari imesaidiwa na wenzake. Ndiyo maana pleti ya kuongeza haiokotwi tu kwenye lundo la vyuma. Ikiwa imenyooka kuliko iliyo juu yake, itakaa bure na wengine wabebe. Ikiwa imepinda kupita kiasi, itabishana na wenzake na kuwakatisha. Lazima iwe imepinda kidogo tu kuliko jirani yake wa juu, na hicho "kidogo" ndicho kinachomtenganisha fundi na mfungua bolti.

Unene nao una hesabu inayowashangaza wenye magari. Ugumu wa pleti hauongezeki sambamba na unene wake, bali kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Pleti ya milimita 10 ni ngumu karibu mara mbili ya pleti ya milimita 8 iliyo sawa nayo kwa urefu na upana. Milimita mbili tu! Kwa hiyo anayechukua pleti nene ya lori la tani saba na kuikata ili itoshe kwenye pikapu hajamsaidia mteja. Amempa gari ambalo likiwa tupu linarukaruka, tairi za nyuma zinaachia barabara kwenye kila kijituta cha vumbi, na kwenye kona dereva anahisi mkia unatafuta njia yake.

Kazi yenyewe ya kurudisha mpindo ni nzuri kuitazama. Fundi hulaza pleti, upande wake uliobonyea ukitazama juu, kwenye vyuma viwili vilivyoachana kidogo, kisha hupiga katikati kwa nyundo nzito, anasogeza pleti kidogo, anapiga tena, kutoka katikati kuelekea ncha. Kila pigo huongeza mpindo usioweza kupimwa kwa macho ya mgeni. Baada ya mapigo kadhaa huiweka juu ya mchoro wa chaki sakafuni, hutazama, huirudisha. Hakuna moto hapo. Chuma cha springi kiwandani hupashwa joto kwenye nyuzi 850 hivi, hupozwa ghafla kwenye mafuta, kisha hupashwa tena kwa upole, chini ya nyuzi 500 au karibu na hapo, ili kisiwe tepetepe wala kisivunjike kama kigae. Mtu anayekipasha kwa mtungi wa gesi ili kikunjike kwa urahisi anaifuta kazi hiyo yote kwa dakika chache. Anayeunga pleti iliyokatika kwa kuchomelea anafanya vibaya zaidi: itakatika tena, pembeni tu mwa kiungo, na huenda ikachagua mteremko wa Kitonga. Pleti iliyokatika apewe mhunzi. Visu, mapanga na majembe mengi mazuri ya nchi hii yametokana na springi za magari, na huko inapashwa moto tena na mtu anayejua sababu ya kuipasha.

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba springi huinama kwa kadiri ya nguvu inayoisukuma: mzigo ukiwa mara mbili, inashuka mara mbili. Pikapu inataka zaidi ya hapo, kwa sababu ni magari mawili katika moja, tupu na lililojaa. Jibu la zamani bado ndilo ninalolipenda: pleti moja nene, iliyonyooka, inafungwa chini kabisa ya seti na kukaa kimya. Gari likiwa tupu haifanyi kazi. Mzigo ukishuka kiasi, pleti za juu hunyooka na kuikuta, nayo inaingia kazini. Wapo wanaofunga mifuko ya hewa badala yake, na kwa anayevuta trela mara mojamoja ni chaguo la haki. Kwa magunia ya kila siku nabaki na chuma. Shokapu hazibebi mzigo hata kidogo. Kazi yake ni kutuliza mruko, na springi zikibadilishwa ugumu nazo zichaguliwe upya.

Trela ni somo jingine. Tuseme shingo ya trela inakandamiza ndoano kwa kilo 200, na ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kama tairi za mbele na za nyuma zimeachana mita 3, ekseli ya nyuma inapokea kilo 280, na ya mbele inapoteza kilo 80. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika matawi ya miti. Springi mpya zitainua nyuma na kuzishusha taa, lakini zile kilo 80 hazirudi mbele eti kwa sababu tu gari limesimama sawa. Fundi mwaminifu humwambia mteja hivyo waziwazi, na kumwonyesha namna ya kupanga mzigo ndani ya trela yenyewe: mzito karibu na ekseli ya trela, lakini shingo isibaki nyepesi, maana trela yenye shingo nyepesi huyumba na kulitikisa gari linaloivuta.

Halafu breki. Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi kuna kifimbo chembamba kinachounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Bodi ikishuka, vali inajua kuna mzigo na inaziongezea breki za nyuma nguvu. Ukiinua springi bila kukigusa kifimbo hicho, gari lenye tani nzima mgongoni linadhani ni tupu. Linashika breki zaidi kwa miguu ya mbele. Nimewaona mafundi wanaolala tena chini ya gari, kazi ikiwa imeshaisha machoni pa mteja, ili kukirekebisha tu. Hakuna anayewaona wakifanya hivyo, na hakuna anayelipia.

Fundi mwaminifu pia hukataa kazi. Springi haiongezi uwezo wa ekseli, wala beringi, wala chesisi, na pikapu nyingi zilizopasuka chesisi nyuma ya kabini zilikuwa na springi imara kabisa. Mteja akidai pleti ya tano, fundi huyu humrudishia ufunguo wake: "Kaka, hapa unahitaji Canter."

Kazi ikikubaliwa, anapima kutoka kitovu cha tairi hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, mpaka vipimo vilingane. Kisha humwagiza mteja arudi baada ya kilomita mia chache, kwa sababu pleti mpya zikishakaliana, yubolti hulegea. Zisipokazwa upya, senta bolti hubeba peke yake kazi ambayo si yake, hukatika, na ekseli husogea nyuma upande mmoja huku dereva akishangaa kwa nini pikapu inatembea kiubavu.