Tepe za Mkononi: Namna ya Kusoma Gwanda la Askari wa Zamani

Gwanda la kijeshi lililoachwa na babu katika kaya ya Bariadi au Meatu huzua swali moja kabla ya mengine yote, yaani mwenye nalo alikuwa na cheo gani, na jibu hutafutwa kwa kuhesabu tepe zilizoshonwa mikononi. Utaratibu huo una kasoro, kwa kuwa katika majeshi yaliyoandikisha vijana wa Usukuma katika karne ya 20, tepe haikuwa alama ya cheo peke yake. Maana yake iliamuliwa kwanza na mahali iliposhonwa, kisha na upande ilikoelekea ncha yake, kisha na rangi yake. Idadi huhesabiwa baada ya hayo matatu kufahamika.

Hatua ya kwanza ni kulitambua jeshi lenyewe. Askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki, walivaa tepe nyekundu zenye umbo la V kwenye mkono wa kushoto. Waliofuata ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililojulikana kwa Kiswahili kama Keya, ambalo batalioni yake ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na ambalo katika Vita vya Pili vya Dunia lilipigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Baada ya Uhuru wa 1961 batalioni za Tanganyika ziliitwa Tanganyika Rifles, hadi maasi ya Januari 1964 yaliposababisha jeshi hilo kuvunjwa na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) kuundwa tarehe 1 Septemba 1964. Kwa kuwa polisi nao walivaa V, umbo hilo halitoshi kuthibitisha kwamba mvaaji alikuwa mwanajeshi. Vifungo, beji ya kofia na herufi za begani ndizo zinazotenganisha huduma moja na nyingine.

Gwanda likishathibitika kuwa la Keya, mkono husomwa kwa sehemu mbili. Kati ya bega na kiwiko ndipo palipowekwa cheo, kwa tepe ambazo ncha yake hutazama chini: moja kwa lansi koplo, mbili kwa koplo na tatu kwa sajini, huku taji juu ya tepe tatu likionyesha daraja lililo juu ya sajini. Kati ya kiwiko na kifundo cha mkono mambo hubadilika kabisa. Katika utaratibu wa Kiingereza, tepe za mkono wa kushoto wa chini ambazo ncha yake hutazama juu zilitolewa kwa askari wasio na cheo kwa ajili ya miaka ya mwenendo mwema. Tepe ndogo nyekundu za mkono wa kulia wa chini, zilizoanza kutolewa mwaka 1944, zilihesabu miaka ya utumishi wa vita tangu Septemba 1939, na mstari wima wa rangi ya dhahabu kwenye mkono wa kushoto wa chini ulikuwa ushahidi wa jeraha lililopatikana vitani.

Kwa hiyo gwanda lenye tepe mbili juu ya kiwiko na tepe tatu ndogo nyekundu karibu na kifundo cha kulia ni la koplo aliyetumikia vita kwa miaka mitatu, ingawa anayehesabu bila kupambanua ataona tepe tano na kumpa marehemu cheo ambacho jeshi hilo halikuwa nacho.

Kitambaa nacho ni shahidi. Kaki hupauka kwa jua na kufuliwa, lakini sehemu iliyofunikwa na tepe hubaki na rangi yake ya awali, hivyo kivuli cha V pamoja na matundu ya sindano huonyesha tepe iliyobanduliwa, iwe kwa kupandishwa cheo au kushushwa. Ndiyo sababu gwanda lisifuliwe, lisipigwe pasi wala kushonwa upya kabla ya kupigwa picha kwenye mwanga wa pembeni, unaoonyesha vizuri zaidi alama hizo hafifu.

Hata hivyo magwanda yalihama kutoka mtu mmoja hadi mwingine, na namba iliyoandikwa ndani ya kola ndiyo inayopaswa kulinganishwa na cheti cha kuachishwa jeshi. Anayetafuta kumbukumbu za kiserikali akumbuke kwamba Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, na kwamba eneo la Bariadi wakati wa Waingereza lilikuwa chini ya Wilaya ya Maswa katika Jimbo la Ziwa. Katika Nyaraka za Taifa majalada husika yatafutwe kwa majina hayo ya kale.

Sare ya JWTZ, hata ile iliyovaliwa katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ina njia yake. Sheria inawakataza raia kuwa na mavazi hayo, na Agosti 2023 jeshi liliwapa wenye nayo siku saba wayasalimishe. Hivyo maswali kuhusu cheo cha ndugu aliyelitumikia JWTZ yapelekwe kwa jeshi lenyewe, yakiambatana na nyaraka zake.

Uangalifu huu wote una sababu moja kubwa. Askari aliyeipata tepe yake ya pili kwa miaka ya jasho na hatari haongezewi utukufu kwa kuitwa sajini na wajukuu zake. Anayemwandika koplo, pamoja na miaka yake ya vita na jeraha lake, ndiye anayempa heshima iliyo yake.