Mwenye Kifua

Uswahilini, mtu akisifiwa kuwa ana kifua, hawasemi upana wa mabega yake. Ana kifua yule unayemweleza jambo usiku, na asubuhi usilisikie bombani. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya somo, ya shangazi, ya bibi. Mwanasaikolojia ameirithi, akaiendea shule.

Na shule yenyewe ni ndefu. Shahada ya kwanza humfundisha jinsi akili inavyojifunza, inavyokumbuka na inavyoogopa. Anayetaka kutibu huongeza uzamili, kisha huonana na wagonjwa huku mkongwe akimsimamia na kumsahihisha. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, ikaweka bodi ya kuwasajili. Dawa mwanasaikolojia haandiki; hiyo ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili. Chombo chake ni sikio.

Sikio hilo lina kazi, kwa sababu wachache huingia wakitaja sonona. Wengi husema, "Nawaza sana," au, "Kichwa kinaniuma, na vipimo havioni kitu." Jirani atajibu upesi: jikaze. Aliyesomea hana haraka hiyo. Pengine atatumia dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla isiyozidi 27. Karatasi hiyo yeyote anaweza kuisoma. Ila swali la 9 linauliza kama umewaza heri ufe, au kujidhuru. Kuliuliza kwa sauti ileile uliyoulizia usingizi, kisha kunyamaza hadi mtu apate ujasiri wa kujibu, hapo ndipo fundi anapojulikana.

Kuna jambo jingine ambalo somo hakufundishwa. Kifua cha mwanasaikolojia kina mlango, naye humwonyesha mgeni mlango huo siku ya kwanza: yako yatabaki hapa, lakini uhai wako au wa mwenzako ukiwa hatarini, nitaita msaada. Anataja mpaka wa siri kabla hujaitoa. Kwangu mimi, uaminifu huo unazidi ahadi ya kunyamazia kila kitu.

Basi siku moyo ukikuelemea, mwendee. Kabla hujaketi, muulize kasomea nini na kasajiliwa wapi. Fundi wa kweli hachukizwi na swali hilo.