Ramanujan na Mungu wa Mito

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo wasomi wanaonifundisha siku hizi ni wale ninaowanunua kwa mia mbili kando ya barabara. Speaking of Siva nilikipata hivyo, bila jalada. Humo A. K. Ramanujan, mzaliwa wa Mysore, aliyefundisha Chicago kwa miongo mitatu, ametafsiri vachana: mashairi ya Kikannada ya kina Basavanna wa karne ya 12, watu waliompenda Shiva na kuchoshwa na mambo ya tabaka.

Nilikimaliza usiku mmoja. Mistari ni mifupi, na unamsikia mtu akimgombeza Mungu wake vile shosho humgombeza mchuuzi aliyempunja. Ramanujan mwenyewe alikuwa mshairi. Nyumbani kwao, baba na Kiingereza walikaa ghorofani, Kitamil kikawa cha chini na mama, nje ni Kikannada. Mtoto wa Nairobi anaijua hiyo hali.

Shida yangu ni jina moja. Basavanna hufunga mashairi yake kwa kumtaja Kudalasangamadeva. Kudalasangama ni mahali hasa, pale mito Krishna na Malaprabha inapokutana, na hekalu lipo. Ramanujan hakuliacha jina. Aliitafsiri maana yake, tukapata Mungu wa mito inayokutana. Inapendeza, sikatai. Lakini hebu mwambie konda, "Nishukishe Maji Baridi." Ndiyo maana ya Nairobi kwa Kimaasai, ila ndani ya matatu nani huisikia? Unasikia tao, kodi, foleni. Muumini naye anasikia hekalu na safari ya kwenda huko. Mimi nimepewa picha ya mito.

Mwaka 1992 Tejaswini Niranjana alimkosoa kwamba anazifanya vachana zifanane na mashairi ya kisasa ya Kimagharibi. Nadhani ana haki, ingawa Kikannada sijui hata salamu. Lakini pia, kama majina yangebaki yalivyo, ningeyaruka tu, vile mi huruka majina kwenye riwaya za Kirusi. Kwa sababu ya tafsiri hiyo, nilimtambua Mahadeviyakka na Mungu wake wa yasmini kabla sijaangalia shairi ni la nani.

Juzi nikajaribu kutia shairi moja la Basavanna kwa Kiswahili, kutoka Kiingereza cha Ramanujan. Jina nikaliacha zima, Kudalasangama. Nikamtumia rafiki yangu. Akajibu: "Imeweza. Lakini huyo wa mwisho ni nani?"