Kuipima Kazi ya Bushi za Mbele

Bushi mpya haionyeshi ubora wa fundi, kwani yeyote mwenye fedha ataipata dukani. Ubora uko kwenye jicho la chuma inamokaa, na katika hali ya gari wakati nati ya mwisho inakazwa. Kwa Land Cruiser kuukuu inayopita changarawe za Susuni na Sirari, au inayoteremka kutoka Mugumu kuingia kwenye udongo mweusi wa mbugani, kazi mbovu hujitangaza mapema.

Kwanza ijulikane ni gari gani. Land Cruiser ya HZJ75 ina springi za mabapa mbele, na bushi zake ni vipande vya mpira vinavyosukumwa kutoka kila upande wa jicho la springi. Presi haihitajiki. HZJ79, iliyotoka mwaka 1999, ina springi za koili na mikono miwili inayoishika ekseli. Kila mkono una bushi 3: 2 kwenye ekseli na 1 kwenye chesisi. Kuna nyingine 2 kwenye rodi inayokingama kuzuia ekseli isiende kando. Hizi ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma ndani na nje, na ndizo zinazompima fundi.

Fundi mzuri hutafuta kabla ya kufungua. Gari likiwa chini, msaidizi huchezesha usukani kushoto na kulia huku yeye akitazama kila jicho, kisha hupenyeza mtaimbo na kusukuma. Usukani unaotangatanga, au usiorudi wenyewe baada ya kona, huweza kutokana na bushi zilizokwisha. Lakini beringi za kingipini na tairodi huleta dalili hizohizo. Anayetaja bushi bila kuvigusa hivyo anabahatisha.

Bushi za kuchongwa kwa tairi kuukuu hufaa kulifikisha gari nyumbani, basi. Mpira wake haujashikamana na chuma, hivyo hausokoteki na kurudi. Za poliyurethani hudumu, ila zikiwekwa kwenye mikono huifanya ekseli iwe ngumu pale inapotakiwa kuinama upande kwenye mashimo. Mpira halisi wa kiwandani bado ndio chaguo la busara.

Katika kutoa bushi ya zamani, moto ni njia ya mkato: huacha jicho limeungua na masizi ndani. Msumeno hukubalika ukikata bomba la bushi peke yake; mchubuko mrefu kwenye jicho ni dosari ya kudumu. Bushi mpya huingia kwa presi, ikisukumwa kwa bomba lake la nje. Ukingo uliobonyea unaonyesha nyundo imetumika. Mpira hulainishwa kwa maji ya sabuni, kamwe si grisi ya kawaida, kwani mafuta huuvimbisha. Bolti iliyolika hadi ikawa na ngazi haifai kurudishwa, hata kama bushi zote ni mpya.

Hatua inayotenganisha mafundi ni kukaza. Bushi ya namna hii haizunguki: imebanwa ndani na nje, na mpira ndio unaojisokota mkono unapopanda na kushuka. Ikikazwa gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yakining'inia, mpira hukaa sawa katika hali hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, mpira huwa umekwisha kujisokota kabla ya safari, na kila shimo huongeza msokoto hadi upasuke. Kwa hiyo nati hushikizwa tu gari likiwa juu. Gari hushushwa, hutikiswa mara kadhaa lijikalie, ndipo nati hukazwa kwa spana ya torki. Mteja anayetaka uhakika asimame hapo wakati huo, maana baada yake hakuna kinachoonekana kwa macho.

Baadhi ya mafundi hupiga mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Ni tabia nzuri: baada ya siku chache za changarawe, mstari uliokatika hueleza kwamba nati imelegea. Mwishoni hupimwa mwelekeo wa magurudumu, kisha gari hujaribiwa kwa breki kali kwenye barabara iliyonyooka. Lisigonge, wala lisivute upande.