Nafsineni Mbele ya Jaji: Maneno Saba ya Sally Bercow

Tarehe 4 Novemba 2012, Sally Bercow, mke wa Spika wa Bunge la Uingereza wa wakati huo, aliandika kwenye Twitter maneno saba ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yangesomeka hivi: “Kwa nini Lord McAlpine anatrendi? *Uso usio na hatia*”. Matini nzima ndiyo hiyo. Haina kitenzi cha kushutumu wala kivumishi cha kashfa, na haidai kwamba jambo lolote baya limetendeka. Kisarufi ni swali tu, likifuatwa na kirai kimoja kilichozingirwa na nyota. Hata hivyo, tarehe 24 Mei 2013 Jaji Tugendhat wa Mahakama Kuu jijini London aliamua kwamba, kwa maana yake ya kawaida, matini hiyo ilisema Lord McAlpine aliwadhulumu kingono wavulana waliokuwa wakilelewa katika makao ya watoto. Jaji aliuvuka umbali huo, kutoka swali hadi shutuma, kwa hatua ambazo mhakiki wa ushairi angezitambua mara moja, na hukumu yake inastahili kusomwa kama uhakiki.

Siku mbili kabla ya Bercow kuandika maneno hayo, kipindi cha Newsnight cha BBC kilikuwa kimetangaza ripoti kuhusu dhuluma dhidi ya watoto katika makao yaliyokuwa kaskazini mwa Wales. Ripoti ilimshutumu mwanasiasa mashuhuri wa chama cha Conservative wa enzi za Thatcher, lakini haikumtaja. Ilikuwa, kwa lugha ya sarufi, kiarifu kisicho na kiima. Na Bercow akaleta kiima kisicho na kiarifu. Kila nusu, ikisimama peke yake, ingeweza kujitetea: ya kwanza kwamba haikutaja jina, ya pili kwamba haikutaja kosa. Sentensi kamili haikuandikwa popote, ila iliundwa katika kichwa cha msomaji, naye hakuhitaji ustadi wowote kuiunda. (Shutuma yenyewe ilikuwa ya uongo. Aliyeitoa alikiri kwamba alikosea mtu, na BBC ikamlipa McAlpine pauni 185,000.)

Tuanze na swali. Kuuliza kwa nini mtu anatrendi ni kuchukulia kuwa anatrendi kweli, na kumwachia msomaji kazi ya kutafuta sababu. McAlpine aliwahi kuwa mweka hazina wa chama hichohicho cha Conservative, lakini miaka mingi ilikuwa imepita tangu aondoke jukwaani. Wiki ile hakuwa na kitabu kipya, hotuba, wala msiba ambao ungelieleza jina lake kuibuka ghafla. Hata cheo cha “Lord” kina kazi yake hapa, kwani kinamwashiria hata asiyemjua kwamba huyu ni mtu wa tabaka la watawala, yaani wa aina ileile iliyoelezwa na ripoti. Wafuasi wa Bercow walizidi 56,000, na jaji aliwachukulia kuwa watu wanaofuatilia siasa. Kwa wasomaji wa namna hiyo, “kwa nini” ina jibu moja tu.

Lakini uzito wa matini umo ndani ya zile nyota. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba kirai cha mwisho kinafanya kazi kama maelekezo ya jukwaani katika tamthilia, au kama emotikoni: msomaji anaambiwa auone uso wa msemaji anapouliza. Ubishi ulikuwa juu ya unyofu wa uso huo. Bercow alidai kwamba alikuwa akiuliza kwa dhati. McAlpine alidai kwamba ni kinaya. Jaji alitumia kanuni ambayo mhakiki yeyote huitumia akikuta neno linaloonekana kuwa la ziada: kama swali lingetosha, kirai hiki kimewekwa cha nini? Asiyejua huuliza akasubiri jibu. Anayekuchorea uso wa kutojua anakuarifu kwamba kuna la kujulikana, na kwamba yeye analo. Msomaji aliyekulia pwani, akazizoea taarabu za mipasho na mwimbaji anayerusha kijembe kisha akaapa hakumkusudia mtu, hahitaji jaji wa kumfafanulia hilo.

Hapa ndipo hukumu inapogusa jambo lenye utata mkubwa wa kinadharia. Sheria ya kashfa ya Uingereza, inapotafuta maana, haiulizi mwandishi alikusudia nini. Huuliza msomaji wa kawaida, asiye mjinga wala mwenye kushuku kila kitu, angeelewa nini. Kinaya nacho tumezoea kukihesabu kuwa tamathali ya kusudio: bila msemaji anayeficha alijualo, hakuna kinaya. Basi mahakama inawezaje kuona kinaya bila kuchungulia moyo wa mwandishi? Kwa kutenganisha, bila kulitamka jina, nafsineni, yaani sauti inayosema ndani ya matini, na mtunzi. Uso uliohukumiwa si wa Sally Bercow wa nyama na damu, bali ni uso uliochorwa na matini, na huo ulikuwa na hila hata kama mwenye kuuchora alikuwa mnyofu kuliko wote.

Linganisha na shauri la Cassidy la mwaka 1929. Gazeti la Daily Mirror lilichapa picha ya mwanamume na mwanamke, na maelezo kwamba uchumba wao umetangazwa. Mwanamume alikuwa na mke wa ndoa. Watu waliomfahamu mke huyo wakafikiri kwamba alikuwa akiishi naye bila ndoa. Hakutajwa, hakupigwa picha, na gazeti halikujua kuwa yupo. Hata hivyo alishinda na kupewa fidia ya pauni 500. Kiumbo hiyo ni kashfa ya aina nyingine kabisa. Haina kinaya wala nafsineni anayekonyeza jicho, na maana yake inazaliwa tu pale inapokutana na msomaji anayejua jambo ambalo wengine hawalijui.

Tugendhat aliamua kwamba maana ya shutuma imo katika maana ya kawaida ya maneno, akaongeza kwamba, iwapo amekosea hapo, basi maana hiyohiyo inapatikana kwa njia ya dokezo, yaani kwa msomaji mwenye taarifa mahususi. Nadhani njia ya pili inaiheshimu zaidi matini. Ile ya kwanza inausogeza mpaka wa matini hadi kwenye televisheni ya Ijumaa usiku, kana kwamba Newsnight ni mshororo wa shairi la Bercow. Mtu ambaye hakusikia habari yoyote wiki ile angeona nyota, angeutambua ule uso, angejua kwa hakika kwamba anafichwa kitu. Angelazimika kumuuliza jirani ni kitu gani.